Tathmini ya Nyenzo za Mtandaoni za Kujifunzia Nadharia ya Muziki na Utunzi wa Nyimbo kwa Mtunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inatathmini nyenzo sita za mtandaoni zinazotumiwa kujifunzia nadharia ya muziki na utunzi wa nyimbo, kwa kuziangalia kwa jicho la mtunzi anayetunga kwa Kiswahili. Nyenzo hizo ni musictheory.net, Teoria, kitabu huria cha Open Music Theory, Learning Music ya Ableton, kozi ya utunzi wa maneno ya nyimbo ya Pat Pattison, na Maqam World. Vigezo vitano vimetumika: usahihi, mfumo wa kuandika muziki, mfumo wa sauti, uhusiano wa muziki na lugha, na upatikanaji. Uchambuzi unaonesha kuwa nyingi kati ya nyenzo hizo ni sahihi katika mambo zinayoyafundisha, lakini kwa kawaida hazimwelezi msomaji ni mambo gani yanahusu muziki kwa jumla na ni yapi yanahusu lugha au utamaduni mmoja tu. Pengo hilo ni kubwa zaidi katika ufundishaji wa vina na mkazo. Makala inapendekeza kuwa swali la kwanza la kuiuliza nyenzo yoyote liwe hili: nyenzo hii inachukulia kuwa mwanafunzi anaimba kwa lugha gani na kwa skeli gani?

Istilahi muhimu: nadharia ya muziki, utunzi wa nyimbo, nyenzo za mtandaoni, vina, mizani, mkazo, solfa, maqam

1.0 Utangulizi

Mtunzi wa nyimbo katika Afrika Mashariki kwa muda mrefu amejifunza kwa kukaa karibu na wanaojua. Mwalimu wa kwaya huandika nota za solfa ubaoni na waimbaji wakazinakili daftarini. Mpiga udi au fidla katika kikundi cha taarab hujifunza lahani kwa kusikiliza na kurudia. Mshairi hujifunza vina na mizani kwa kughani beti za waliomtangulia. Taasisi rasmi zipo, kama vile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, idara za sanaa za vyuo vikuu, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy cha Zanzibar, lakini nafasi zake haziwatoshi wote wanaotaka kujifunza. Kwa sababu hiyo simu ya mkononi imekuwa darasa la watu wengi.

Hali hii ina faida iliyo wazi. Kijana aliye mbali na chuo anaweza leo kujifunza jinsi kordi zinavyojengwa (yaani sauti tatu au zaidi zinazosikika kwa pamoja) bila kulipa ada. Hata hivyo, mtu anayejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia kuwa jambo fulani halimhusu. Zoezi la kompyuta likimwambia kuwa amekosea, huamini kuwa sikio lake ndilo lenye kasoro. Kozi ikimwambia kuwa kina chake ni dhaifu, hukibadilisha, hata kama kina hicho kinakubalika kikamilifu katika ushairi wa Kiswahili. Ndiyo maana tathmini ya nyenzo hizi haipaswi kuishia kwenye ubora wa picha, wingi wa mazoezi au umaarufu wa mwandishi.

2.0 Vigezo vya Tathmini

Kipimo kinachotajwa mara nyingi katika maktaba za vyuo ni kile cha CRAAP, kilichobuniwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichopo Chico, Marekani. Kipimo hicho humtaka msomaji aangalie wakati nyenzo ilipotolewa, uhusiano wake na hitaji la msomaji, mamlaka ya mwandishi, usahihi na kusudi. Kinafaa kwa kazi yake, lakini kina upungufu kinapotumiwa kwa nyenzo za muziki. Nyenzo inaweza kufaulu katika vipengele vyote vitano na bado ikampotosha mtunzi, kwa sababu inafundisha desturi ya mahali pamoja kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Hoja hii ina mizizi katika mijadala ya taaluma yenyewe. Kofi Agawu (2016) ameeleza jinsi mfumo wa kordi za Ulaya ulivyoingia Afrika kupitia nyimbo za makanisa na elimu ya kikoloni, na jinsi ulivyobana njia nyingine za kupanga sauti. Philip Ewell (2020) amehoji jinsi ufundishaji wa nadharia ya muziki nchini Marekani unavyochukulia kazi za watunzi wachache wa Ulaya kuwa ndizo muziki wenyewe. Makala hii haikusudii kurudia mijadala hiyo. Inachukua funzo moja tu kutoka humo: kila nyenzo ina msikilizaji na mwimbaji inayemfikiria, hata isipomtaja.

Kwa msingi huo, vigezo vitano vimetumika. Cha kwanza ni usahihi: je, yanayofundishwa ni sahihi ndani ya mfumo wake? Cha pili ni mfumo wa kuandika: je, mtu aliyezoea solfa anaweza kuingia? Cha tatu ni mfumo wa sauti: je, nyenzo inatambua skeli zilizo nje ya vinanda vya kisasa? Cha nne ni lugha: je, mafundisho ya mkazo na vina yanafaa kwa Kiswahili? Cha tano ni upatikanaji: gharama, kifaa kinachohitajika, na ruhusa ya kunakili au kutafsiri. Kigezo cha nne kimepewa nafasi kubwa zaidi kwa kuwa ndicho kinachogusa kazi ya mtunzi moja kwa moja.

3.0 Nyenzo za Msingi wa Nadharia

Tovuti ya musictheory.net, iliyoanzishwa na Ricci Adams mwaka 2000, ina masomo mafupi yanayokwenda hatua kwa hatua kutoka mistari mitano ya nota hadi skeli, vipindi kati ya sauti, kordi na mfuatano wa kordi. Mazoezi yake humtaka mwanafunzi ataje nota anayoiona au kipindi anachokisikia, na majibu husahihishwa papo hapo. Tovuti hutumika bila malipo, ila programu yake ya mazoezi, Tenuto, ni ya kulipia na imetengenezwa kwa vifaa vya Apple, jambo linalopunguza manufaa yake mahali ambapo watu wengi hutumia simu za Android. Katika kigezo cha usahihi, tovuti hii ni ya kuaminika. Udhaifu wake ni kuwa huanza na kuishia kwenye mistari mitano, na maneno ya nyimbo hayana nafasi kubwa ndani yake.

Teoria, iliyojengwa na José Rodríguez Alvira wa Puerto Rico, inapatikana kwa Kiingereza na Kihispania, na ina mazoezi mengi ya kusikiliza na kuandika. Hapa mwanakwaya anapaswa kuwa makini. Katika solfa ya kwaya, mfumo uliotokana na kazi ya Sarah Glover na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, “do” huhama: ni sauti ya kwanza ya ufunguo wowote unaotumika. Katika desturi ya Kihispania, “do” ni jina la nota moja isiyohama. Mwanakwaya anayeingia upande wa Kihispania kwa sababu tu ameona maneno anayoyafahamu anaweza kuchanganyikiwa tangu somo la kwanza.

Open Music Theory ni kitabu huria kilichoandikwa na wahadhiri kadhaa, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 2021. Kinaanzia misingi na kufika kwenye muziki wa pop, jazi na muziki wa karne ya 20, na hivyo ndicho kipana zaidi kati ya nyenzo zilizochambuliwa. Nacho pia kina tofauti ndogo inayoweza kumkwaza mwanakwaya. Katika skeli ya mainari, kitabu huanza na “do” na kubadilisha majina ya baadhi ya sauti, ilhali solfa ya Curwen huihesabu skeli hiyo kuanzia “la”. Hakuna upande uliokosea. Ni njia mbili za kutaja sauti zilezile. Lakini mwanafunzi asiyeambiwa hivyo atadhani mwalimu wake wa kwaya alimfundisha vibaya. Ubora mkubwa wa kitabu hiki ni leseni yake, ambayo inaruhusu mtu kukinakili, kukitafsiri na kukiongezea sura kwa sharti la kuwataja waandishi na kuitoa kazi mpya kwa leseni ileile.

Learning Music, iliyotolewa na kampuni ya Ableton mwaka 2017, inafuata njia nyingine. Haihitaji nota kabisa. Mwanafunzi hubofya visanduku kwenye gridi na kusikia mapigo, besi, kordi na melodia vikijengeka. Kwa mtu asiyejua kusoma muziki wowote, huu ni mlango mwepesi kuliko yote. Hata hivyo, gridi yake imeegemea kipimo cha mapigo manne yanayogawanyika kwa mbili, ambao ni mtindo wa muziki wa dansi wa kielektroniki. Mtunzi wa chakacha, ngoma ya mwambao ambayo mapigo yake hugawanyika kwa tatu, hapati nafasi ya kujenga anachokisikia.

4.0 Swali la Mfumo wa Sauti

Nyenzo nne zilizotajwa zinategemea kinanda ambacho oktavu yake imegawanywa katika sehemu 12 zilizo sawa. Kwa nyimbo nyingi za kwaya, injili na bongofleva, mgawanyo huo unatosha. Kwa taarab asilia hautoshi. Taarab ya Zanzibar ilichota mengi kutoka Misri, na vikundi vyake vya zamani, kikiwamo Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vilijengwa juu ya ala kama udi, fidla na kanuni. Katika maqam ya Rast, kwa mfano, sauti ya tatu ya skeli iko takriban katikati ya sauti mbili ambazo kinanda kinaziita ya tatu ndogo na ya tatu kubwa. Kinanda cha kawaida hakina kibonye cha kuitoa. Mpiga kanuni huipata kwa kugeuza vijiti vidogo vilivyo kando ya nyuzi, na mpiga fidla huipata kwa kidole na sikio.

Athari ya jambo hili katika ujifunzaji si ndogo. Mwimbaji aliyelelewa na taarab akifanya zoezi la kutambua vipindi, atalazimika kuitia sauti hiyo ya kati katika moja ya mafungu mawili. Akifanya mazoezi hayo kwa muda mrefu bila maelezo, anaweza kuanza kuisikia sauti ya urithi wake kama kosa la kuimba nje ya ufunguo.

Maqam World, tovuti iliyoanzishwa na Johnny Farraj mwaka 2001, inaziba sehemu ya pengo hili. Inaeleza jinsi maqam inavyojengwa kutokana na vipande vidogo vya sauti, na kuambatanisha sauti zilizorekodiwa ili msomaji asikie tofauti ambazo maandishi hayawezi kuzibeba. Mpaka wake uko wazi: inahusu muziki wa Kiarabu, hasa wa Misri na nchi za Shamu, wala haidai kueleza taarab. Kwa hiyo inafaa kama kamusi ya skeli, huku matumizi yake katika nyimbo za Kiswahili yakihitaji kujifunzwa kwa kusikiliza taarab yenyewe.

5.0 Swali la Lugha: Mkazo, Mizani na Vina

Nyenzo inayoshughulikia maneno ya nyimbo kwa undani zaidi ni kozi ya Pat Pattison wa Chuo cha Muziki cha Berklee, Boston, inayopatikana kupitia jukwaa la Coursera. Pattison anafundisha kwamba silabi zenye mkazo katika usemi ziangukie mapigo yenye nguvu katika muziki, na kwamba aina ya kina iendane na hisia ya wimbo. Kozi imepangwa vizuri na mifano yake inaeleweka. Ila lugha yake ni Kiingereza, na hapa ndipo panapohitajika kupambanua jambo linalohamishika na lisilohamishika.

5.1 Mkazo

Kaida ya kuoanisha mkazo na pigo lenye nguvu inahamishika. Katika Kiswahili, mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na kuuhamisha kunaweza kubadili maana. Neno “barabara” likiwekwa mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia, na likiwekwa kwenye ya pili ni sawasawa. Nyimbo za ibada zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza na Kijerumani huku mahadhi yakiachwa yalivyo zina mifano mingi ya maneno yaliyovutwa hadi yakasikika vingine.

Tatizo ambalo nyenzo za Kiingereza hazilioni linatokana na mizani. Mtunzi wa Kiswahili huhesabu silabi. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, aliiweka mizani miongoni mwa nguzo za shairi. Lakini mishororo miwili yenye mizani sawa inaweza kuwa na mkazo mahali tofauti. Ichukuliwe mifano miwili iliyobuniwa kwa ajili ya uchambuzi huu, kila mmoja ukiwa na mizani nane: “Nimerudi kwetu pwani” na “Sikuiona safari”. Katika wa kwanza, mkazo unaangukia silabi ya tatu, ya tano na ya saba. Katika wa pili, unaangukia ya nne na ya saba.

Mahadhi yenye mapigo manne kwa kila kipimo, silabi moja kwa pigo moja, yanaupokea mshororo wa kwanza vizuri: “ru” na “pwa” ziko kwenye pigo la tatu, na “kwe” iko kwenye pigo la kwanza la kipimo cha pili. Mshororo wa pili ukiimbwa kwa mahadhi hayohayo, pigo zito kuliko yote linaangukia “na”, silabi ya mwisho ya “sikuiona”, na “o” yenye mkazo inabaki kwenye pigo dhaifu. Msikilizaji anasikia neno limevunjika. Suluhisho ni kuzianza silabi “si-ku-i” kabla ya kipimo, kuiweka “o” kwenye pigo la kwanza na kuirefusha kwa mapigo mawili, kisha “na” na “sa” zikafuata, ili “fa” iangukie pigo la kwanza la kipimo kinachofuata na “ri” ivutwe hadi mwisho. Mizani haikubadilika, kilichobadilika ni mpangilio wa muda.

Hivyo, mtunzi wa wimbo wenye beti nyingi kwa mahadhi yaleyale anahitaji kukagua mambo mawili, yaani idadi ya silabi na mahali pa mkazo. Ushairi umemfundisha la kwanza, na kozi ya Kiingereza inaweza kumfundisha la pili. Hakuna nyenzo kati ya zilizochambuliwa inayomfundisha yote mawili kwa pamoja. Suala la namna hii si geni barani Afrika. Ephraim Amu wa Ghana alijulikana kwa juhudi za kuifanya melodia ya kwaya ifuate toni za maneno ya lugha za kwao. Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni kama lugha hizo, na hivyo kwa mtunzi wa Kiswahili kazi inayolingana na ile ni ya mkazo.

5.2 Vina

Mafundisho ya vina hayahamishiki kwa urahisi. Katika Kiingereza, kina kamili huanzia kwenye irabu yenye mkazo: irabu hiyo na sauti zote zinazoifuata hulingana, na konsonanti inayoitangulia hutofautiana. Katika ushairi wa Kiswahili, kina ni silabi ya mwisho, konsonanti na irabu yake pamoja, nayo huja baada ya mkazo. Kwa hiyo “pwani” na “jioni” ni vina kamili kwa kipimo cha Kiswahili, kwa kuwa yote yanaishia na “ni”. Kwa kipimo cha Kiingereza si kina kamili, kwa kuwa irabu zenye mkazo, “a” na “o”, zinatofautiana. Kinyume chake, “mapenzi” na “mtetezi” yangekubalika katika kozi ya Kiingereza kama vina vya karibu, ilhali mshairi wa Kiswahili anayefuata kaida angeyakataa, kwa kuwa “nzi” si “zi”.

Tofauti hii inazaa matokeo ya kimuziki. Kwa kuwa kina cha Kiswahili kiko kwenye silabi isiyo na mkazo, hakiwezi kutegemea uzito wa pigo ili kisikike. Hutegemea urefu. Katika mfano uliotangulia, “fa” ilipata pigo na “ri” ikapata muda. Mahadhi yanayokatisha silabi ya mwisho upesi, kama inavyowezekana katika Kiingereza ambako kina huweza kukaa kwenye silabi ya mkazo ya mwisho wa neno, yanakimeza kina cha Kiswahili. Mtunzi anayeiga mwisho wa mishororo ya Kiingereza atajikuta ana vina vilivyoandikwa vizuri lakini visivyosikika.

6.0 Upatikanaji na Mpangilio wa Matumizi

Masomo ya nyenzo tano kati ya hizo sita husomwa bure mtandaoni, na katika kozi ya Coursera cheti hulipiwa. Gharama iliyobaki ni ya data, na hapo nyenzo za maandishi kama Open Music Theory zina nafuu kuliko kozi za video. Kwa kazi ya kuandika, programu huria ya MuseScore inaweza kuongezwa. Haifundishi nadharia, lakini inamruhusu mtunzi kupanga kila silabi chini ya nota yake na hivyo kuona mahali mkazo unapoangukia, na pia ina alama za robo toni. Inahitaji kompyuta.

Kwa kuzingatia vigezo vyote, mpangilio unaofaa unategemea mahali mwanafunzi anapoanzia. Mwanakwaya anayejua solfa anaweza kuanza na musictheory.net, akiwa na jedwali la kulinganisha solfa na mistari mitano alilotengenezewa na mwalimu, kisha akaingia Open Music Theory. Mwanafunzi wa taarab aanze na Maqam World sambamba na usikilizaji, ili mazoezi ya kinanda yasimfunge sikio. Asiyejua mfumo wowote wa kuandika aanze na Learning Music. Kozi ya Pattison ije baada ya mtunzi kuzimudu vina na mizani, achukue mafundisho ya mkazo na kuyaweka kando yale ya vina.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa nyenzo za mtandaoni za nadharia ya muziki na utunzi zina thamani kwa mtunzi wa Kiswahili, na kwamba hatari yake kubwa haitokani na makosa bali na ukimya kuhusu mipaka yake. Maqam World, ambayo jina lake tu linataja eneo lake, inampotosha msomaji kwa nadra kuliko nyenzo pana zisizosema zinatoka wapi.

Mapendekezo mawili yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, wahadhiri wanaowapa wanafunzi orodha za tovuti waambatanishe maelezo mafupi kwa kila moja, yanayotaja lugha, skeli na mfumo wa kuandika unaochukuliwa kuwa wa kawaida ndani yake. Pili, leseni ya Open Music Theory itumike kutayarisha toleo la Kiswahili ambalo halitaishia kwenye tafsiri. Toleo hilo liongezewe sura tatu ambazo nyenzo zilizochambuliwa hazikuzitoa: solfa na mistari mitano bega kwa bega, maqam katika taarab, na mkazo, mizani na vina katika wimbo. Sura ya tatu ndiyo inayohitaji utafiti zaidi, hasa wa kupima katika nyimbo zilizorekodiwa jinsi watunzi wa taarab na wa kwaya wanavyourefusha muda wa silabi ya kina.